Baba hataki nitumie msamaha wa ada ya maombi ya chuo

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 17, niko gredi ya 12 hapa Greensboro, North Carolina. Nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tukaletwa Marekani mwaka 2016 nikiwa bado mdogo. Wazazi wangu ni Wabembe wa Fizi, Kongo. Baba alikimbilia Tanzania mwaka 1996 akiwa kijana, akakaa kambini miaka 20. Kaka yangu mkubwa ameoa na anaishi kwake. Nyumbani tumebaki watu saba. Nikiingia chuo kikuu nitakuwa wa kwanza katika ukoo wetu wote.

Nimeandika orodha ya vyuo vinane. Ada za kutuma maombi, nikizijumlisha, ni dola 535. Baba anafanya kazi kiwanda cha kuku, zamu ya usiku, na Mama anasafisha vyumba hotelini. Kwa mwaka wanaingiza kama dola 60,000 wote wawili. Humo inatoka kodi ya nyumba, bima ya gari, chakula, na pesa za Bibi aliyebaki kambini, ambazo Baba huzituma kila mwezi hata kama sisi tumekwama. Nilipomtajia 535 alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Chagua viwili, nitalipa."

Wiki iliyofuata kaunsela wetu wa shule alituambia kwamba wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo wanaweza kusamehewa ada hizo. Ni kutiki kisanduku tu kwenye Common App, ile tovuti ya kutuma maombi kwa vyuo vingi kwa pamoja. Nilikimbia nyumbani na habari hiyo nikidhani nimeleta furaha. Baba alikasirika. Alisema, "Tulipanga mustari ya kutosha mu kambi. Sitaki mtoto wangu apange mustari tena huku." Halafu akanipigia hesabu: dola 60,000 ni kama milioni 150 za Tanzania. Mtu mwenye milioni 150 akiandika kwamba ni maskini amesema uongo, na uongo kwenye fomu za Amerika unaweza kukurudisha ulikotoka. Isitoshe anajiandaa kuomba uraia, na hataki jina lake lionekane mahali popote kwenye orodha ya watu wanaosaidiwa.

Mwalimu, sitaki umwone Baba kama mtu mkorofi. Huyu ndiye aliyelipa deni la tiketi zetu za ndege la IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, mpaka dola ya mwisho, na ile barua ya kumaliza deni ameitia kwenye fremu. Iko ukutani sebuleni, karibu na picha ya harusi yao.

Chuo kimoja nimeshakilipia dola 75 kutoka pesa zangu za kusuka nywele. Kaka ameniambia kwa siri: tiki tu, Baba hasomi Kiingereza, atajuaje? Marafiki zangu nao wanasema ukitiki, chuo kinajua huna pesa na kinaweka jina lako chini. Tena shuleni kwetu kila mtoto anakula bure, hatujawahi kujaza fomu yoyote ya chakula, kwa hiyo sijui kama mimi nahesabiwa. Na binamu yangu ambaye bado yuko Kigoma anauliza kama yeye pia anaweza kutumia njia hii.

Tarehe za mwisho za kwanza ni Novemba mosi. Nifanye nini?

Binti wa Fizi, Greensboro


Marahaba, binti yangu.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale kwenye fremu ukutani. Nimeanza kukujibu nikiwa namfikiria Baba yako, maana ukilielewa lile lililoko ndani ya fremu, utajua namna ya kuzungumza naye.

Deni la tiketi za IOM lilikuwa mkopo. Alisaini kwamba atalipa, akalipa, akapewa barua. Heshima yake iko palepale: alitimiza alichoahidi. Sasa mkumbushe jambo jingine la siku zilezile. Mlipofikisha mwaka mmoja hapa, familia yenu iliomba grini kadi. Mtu mwingine anayeomba grini kadi akiwa ndani ya Marekani hutozwa zaidi ya dola 1,000. Wakimbizi waliopokelewa kama ninyi hawatozwi ada ya ombi hilo la kwanza. Fomu ni ileile, na wanaoisoma ni walewale, ila kanuni inasema mkimbizi halipi. Je, Baba alihisi siku ile kwamba amepanga mstari wa mgao? Sidhani. Alijaza fomu iliyomhusu, kwa kanuni iliyomhusu, akapata kadi ambayo leo iko kwenye pochi yake.

Msamaha wa ada ya maombi ya chuo uko hivyohivyo. Hakuna anayempa Baba yako pesa. Hakuna mfuko wa serikali unaochotwa kwa jina lake. Common App ni muungano wa vyuo zaidi ya 1,000, na vyuo hivyo vimekubaliana kwamba mwanafunzi mwenye sifa fulani asitozwe. Chuo kinaacha kudai ada yake, basi. Kimeweka kanuni hiyo kwa sababu kinataka barua ya mtoto kama wewe ifike mezani kwake, na kinajua kwamba ada za vyuo vinane zikijumlishwa zingeizuia njiani.

Sasa tuje kwenye milioni 150, kwa sababu hapo ndipo Baba yako ana hoja nzito, na haifai kumjibu kwa haraka. Anaogopa kusema uongo. Ni hofu njema. Lakini fomu haikuulizi kama wewe ni maskini mbele ya watu wa Kigoma. Haikuulizi hata kama una pesa mfukoni. Inakuuliza kama kuna sentensi yoyote kati ya kadhaa inayokuhusu, na mojawapo ni kwamba kipato cha familia kiko ndani ya kiwango kilichowekwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa ajili ya chakula cha shule. Kiwango hicho hutazama idadi ya watu nyumbani. Kwa mwaka wa shule 2025/26, nyumba ya watu saba inaingia ikiwa kipato chake hakizidi takriban dola 90,000 kwa mwaka. Ninyi mko saba na mna 60,000. Mko chini ya mstari kwa dola 30,000 nzima. Ukiandika kwamba unastahili, umeandika kweli tupu. Na ukitaka Baba aone kwa macho yake, chapisha jedwali la mwaka huu, linalopatikana kwa kaunsela wako, liweke mezani pembeni ya W-2 zao mbili, zile karatasi za mishahara ya mwaka, na mwache akokotoe mwenyewe. Mtu aliyekokotoa milioni 150 kichwani ataliweza jedwali hilo.

Kuhusu chakula cha bure shuleni: zipo shule nyingi za umma ambako kila mtoto anakula bila fomu kwa sababu eneo zima lina familia nyingi za kipato kidogo. Ndivyo ilivyo kwenu. Kwa hali hiyo usijishikize kwenye sahani ya shule, shika kipato, kwa kuwa ndicho chenye ushahidi nyumbani. Unahitaji sentensi moja tu iwe kweli. Kwenye orodha hiyohiyo kuna nyingine zinazoweza kuwagusa wasomaji wengine: familia inayopokea msaada wa umma, inayoishi kwenye nyumba za ruzuku ya serikali, mtoto yatima au aliye chini ya ulezi wa jimbo, mwanafunzi wa programu kama Upward Bound, aliyepewa msamaha wa ada ya mitihani ya SAT au ACT, au anayestahili Pell, ruzuku ya masomo ya serikali ya Marekani. Ya mwisho kabisa inasema kwamba mtu wa shule au kiongozi wa jamii anaweza kukuandikia maelezo. Mchungaji wenu anaweza kuwa mtu huyo. Hiyo imesaidia wengi ambao kipato chao kimepita mstari kidogo tu, lakini mwaka huohuo baba amepunguzwa kazi au nyumba imepata msiba.

Hofu ya uraia. Fomu ya kuomba uraia haina mahali panapouliza kama mtoto wako alisamehewa ada na chuo. Ile kanuni ya "mzigo kwa serikali" ambayo watu wanaogopeshana nayo makanisani na kwenye WhatsApp inahusu misaada fulani ya serikali, na mara nyingi hupimwa mtu anapoomba grini kadi. Wakimbizi, kwa sheria, hawapimwi kwa kanuni hiyo wanapoomba grini kadi, na Baba yako ya kwake anayo tayari. Msamaha wa ada ya chuo haumo hata kwenye mazungumzo hayo. Tena, idara yenyewe ya uhamiaji ina utaratibu wake wa msamaha: tangu Aprili 2024 ada ya ombi la uraia kwa karatasi ilipangwa kuwa dola 760, na wenye kipato cha chini ya kiwango fulani wakawekewa dola 380. Kabla hajatuma hilo ombi lake, mwambie aulize kama anastahili ada hiyo ndogo, na aulize kwa mwanasheria au mwakilishi mwenye kibali. Asiulize kwa yule jamaa wa mtaani anayejaza fomu kwa dola 200.

Sasa ushauri wa kaka yako. Kaka ana moyo mzuri, lakini usiufuate. Najua yuko sahihi kwamba Baba hatajua leo. Tatizo ni kesho. Ili upate msaada wa fedha wa chuo, utahitaji FAFSA, fomu ya serikali ya msaada wa masomo, iliyo bure na ambayo kwa kawaida hufunguliwa karibu na Oktoba mosi. Kama wazazi wako wanajaza kodi pamoja, mmoja wao lazima afungue akaunti yake mwenyewe, akubali kwa jina lake kwamba taarifa za kodi zivutwe kutoka IRS, idara ya kodi, na asaini. Bila hiyo hakuna Pell, na Pell ndiyo pesa yenyewe: kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, na hairudishwi kama mkopo. Ninyi ni wenye grini kadi, kwa hiyo mnaruhusiwa kuomba kama raia. Sasa fikiria: umemzunguka Baba kwa ajili ya dola 75, kisha mwezi mmoja baadaye unamwendea ukimwomba afungulie serikali taarifa zake za kodi. Atakuamini vipi? Mlango mkubwa uko mbele yako, binti yangu, na ufunguo wake ni Baba anayekuamini.

Kwa hiyo zungumza naye, na uchague saa. Mtu wa zamu ya usiku haelezwi mambo ya fomu anapoingia alfajiri na harufu ya kiwanda bado iko mwilini. Ngoja siku yake ya kupumzika, baada ya chakula. Mama awepo. Anza na ile barua ya ukutani. Mwambie: "Baba, hii ulilipa kwa sababu ulikopa. Ya grini kadi hukulipa kwa sababu kanuni ilisema hulipi. Hii ya chuo ni kama ile ya grini kadi." Halafu nyamaza, umwache ajibu. Akisema hapana, usibishane. Muombe aje shuleni mara moja tu kumsikia kaunsela.

Na hapo nina ombi. Usiwe wewe mkalimani siku hiyo. Shule za umma zinapaswa kumpatia mzazi asiyejua Kiingereza mkalimani, na ukiomba mapema wanampata, hata kwa simu. Nimewaona baba wengi wa kwetu wakiwa wadogo kwenye kiti mbele ya mwalimu, huku binti yao wa miaka kumi na sita akiwa ndiye mdomo wao. Baba akizungumza na mtu mzima mwenzake kwa Kiswahili, atauliza maswali ambayo kwako asingeyauliza. Atauliza kama watawaandika mahali. Atauliza nani analipa. Akijibiwa kwa lugha yake, jambo linakwisha.

Kwa nini nakusisitizia hivi badala ya kukuambia tu chagua viwili ili amani iwepo? Nitakueleza. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa maktaba na kijana mmoja, mtoto wa mama wa Bukavu, jioni ya mwisho kabla ya tarehe kufungwa. Alikuwa amemaliza insha, nzuri kweli, kuhusu kumfundisha mama yake kuendesha gari. Ilipofika ukurasa wa malipo alifungua begi akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na noti za dola moja moja na tano tano, zimelainika kwa kushikwa, bakshishi za mama yake za mgahawani. Zilikuwa 75 kamili. Alitaka kujua mtu analipaje kwa noti kwenye kompyuta. Nilimuuliza vyuo vingine vitano vya kwenye orodha yake viko wapi. Akasema alivifuta, kwa sababu bahasha ilikuwa moja. Tukarudi kwenye wasifu wake, na kisanduku cha msamaha kilikuwa pale, amekipita mwezi mzima uliotangulia akidhani ni cha watu wenye shida kuliko wao. Tulikitiki, bahasha ikarudi begini. Lakini insha za vile vyuo vitano hazikuwa zimeandikwa, na saa nne za usiku si muda wa kuandika insha tano. Chuo kile kimoja kilimkataa. Alianzia chuo cha jumuiya, na anaendelea vizuri, nashukuru Mungu. Ila yale maombi matano hayakutumwa, na mpaka leo nikipita kwenye ile meza naiona bahasha.

Ukichagua viwili kati ya vinane, utachagua kwa hofu. Mtoto wa kwanza kwenda chuo anahitaji vyuo kadhaa vimjibu, kwa sababu barua ya kukubaliwa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni barua ya msaada wa fedha, na barua hizo hutofautiana kwa maelfu ya dola kati ya chuo na chuo. Baba akilipa viwili, anaokoa dola mia nne leo, halafu anaweza kulipa maelfu zaidi kila mwaka kwa kukosa cha kulinganisha.

Haya, kazi ya mikono. Kwenye Common App, kisanduku kiko sehemu ya wasifu wako, na mtu hukipita kwa urahisi. Utaulizwa kama unastahili, utachagua sentensi inayokuhusu, utaandika jina lako kama saini. Kaunsela wako ataombwa athibitishe. Ana wanafunzi mamia, kwa hiyo usimwachie mfumo umkumbushe. Mwandikie kesho asubuhi mistari mitatu: kwamba umechagua msamaha wa ada, kwamba sababu ni kipato cha nyumba ya watu saba, na kwamba tarehe yako ya kwanza ni Novemba mosi, unaomba athibitishe mapema. Siku ya kutuma, ukurasa wa malipo haupaswi kukudai chochote. Ukikudai kadi, simama hapo hapo. Usilipe kwa pupa eti muda unakwisha. Rudi kwenye wasifu uangalie, na pia fungua maswali ya chuo chenyewe, kwa sababu vyuo vingine vina msamaha wao wa pekee uliowekwa humo.

Vyuo vinavyopokea maombi kwa tovuti zao wenyewe havioni kisanduku cha Common App. Huko utaomba upya. Kaunsela ana fomu ya NACAC, chama cha washauri wa udahili, ambayo wewe na yeye mnasaini na kuituma chuoni. Na kama ulipewa msamaha wa ada ya SAT, akaunti yako ya College Board, wenye mtihani huo, inakupa pia msamaha wa ada za maombi kwa vyuo vinavyoshirikiana nao.

Kabla ya yote hayo, pitia orodha yako ya vinane uone ni vingapi havitozi kabisa. Watu hawaamini, lakini Grinnell, Carleton, Kenyon, Colby, Reed na Smith havina ada ya maombi kwa yeyote. Bowdoin inamsamehe anayeomba msaada wa fedha, na pia anayekuwa wa kwanza katika familia kusoma chuo. Na jimbo lako lina wiki yake mwezi Oktoba ambayo vyuo vingi vya North Carolina, vya umma na vya binafsi, vinapokea maombi bila ada. Hiyo haina kipato wala kisanduku, ni kwa kila mkazi. Muulize kaunsela tarehe zake leo, kwa sababu Oktoba ikipita imepita. Hata Baba hawezi kuikataa, maana mtoto wa daktari naye anatuma bure wiki hiyo.

Marafiki zako wanaosema jina lako litawekwa chini wamekosea. Vyuo vinapokea misamaha hii kwa wingi kila mwaka, na vyenyewe ndivyo vilivyoiweka. Katika miaka yote ya kukaa na vijana hawa sijaona hata mmoja aliyekataliwa kwa sababu ya kisanduku. Nimeona waliokataliwa kwa sababu insha iliandikwa usiku mmoja. Muda uliokuwa unahesabu dola 535, uweke huko.

Zile 75 ulizolipa, kwa kawaida hazirudishwi. Ziache. Umetuma ombi moja, na umelifanya kwa jasho lako.

Jambo moja zaidi la pesa ambalo huenda hujaambiwa. Vyuo kadhaa vya binafsi, juu ya FAFSA, vinataka fomu nyingine iitwayo CSS Profile. Hiyo inalipiwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, lakini mwanafunzi wa hapa ambaye familia yake ina kipato kisichozidi dola 100,000 halipi. Mfumo wenyewe unakokotoa mwishoni na kukusamehe. Usiifunge fomu katikati kwa kuona tu neno "ada".

Kwa binamu yako wa Kigoma, nitakuwa mkweli kwa sababu ahadi za uongo zinawaumiza watu wa kambini kuliko wengine. Milango yake ni michache. FAFSA haimhusu, misamaha ya College Board haimhusu, na vyuo vya University of California, kwa mfano, haviwasamehi ada waombaji wa kimataifa, ambao hulipa zaidi hata ya Wamarekani. Lakini vile visivyotoza ada havimtozi na yeye. Kwenye Common App anaweza kuchagua ile sentensi ya maelezo ya mtu wa shule au kiongozi wa jamii, kisha mwalimu wake aandike barua inayosema hali halisi ya familia. Kila chuo kitaamua chenyewe kama kitaikubali, kwa hiyo aandike barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili kabla ya kutuma. Kwa msaada wa fedha, vipo vyuo vinavyokubali ISFAA, fomu ya wanafunzi wa kimataifa isiyo na malipo, badala ya CSS Profile. Ofisi za EducationUSA, zinazofadhiliwa na serikali ya Marekani, hutoa ushauri huu bure, na kwa Tanzania iko Dar es Salaam. Na yeyote atakayemwambia atume pesa kwa simu ili "apewe msamaha wa ada", huyo ni tapeli. Msamaha hauuzwi.

Usimfiche Baba, lakini usimngoje pia kwa kila kitu. Insha hazihitaji ruhusa yake. Andika za vyuo vyote vinane kana kwamba jibu ni ndiyo, ili siku atakapokubali usiwe umekaa na kisanduku kilichotikiwa na kurasa tupu. Akiendelea kukataa mpaka wiki ya mwisho, niandikie tena, na uniambie alichosema neno kwa neno. Kama ataniruhusu nimpigie, nitampigia siku yake ya mapumziko. Nami pia nina barua ya IOM ya kumaliza deni, ya mwaka 2009, na ningependa kumwuliza fremu yake aliinunua wapi.